Sabuni ya kunawia mikono kwa kiangazi cha Dodoma: soma nyuma ya chupa

Napika chakula cha kuuza hapa Majengo, kwa hiyo kunawa mikono ni kazi ya kutwa: kabla ya kukanda unga, baada ya kukata nyama, nikishika hela. Sabuni ninayoizungumzia ni ya chupa ya pampu, nyeupe kama maziwa, haina harufu. Jina siandiki, maana za aina hiyo zipo kadhaa madukani. Cha kutafuta ni yale maandishi madogo ya nyuma.

Viambato huandikwa kwa kufuata wingi, kilicho kingi kinatangulia. Hii inaanza na maji, halafu SLES, kisha kokamidopropili betaini, ya nne gliserini. SLES ndiyo inayoleta povu na kuondoa mafuta. Ni mpole kwa ngozi kuliko SLS, kitoa povu kingine kilicho kikali zaidi, na ile betaini inampunguzia makali zaidi. Gliserini kazi yake ni kuvuta unyevu na kuushikilia kwenye ngozi. Sasa chukua ile ya kijani yenye picha ya alovera: gliserini hakuna, na alovera yenyewe iko mkiani, baada ya pafyumu, jirani na rangi. Picha ni kubwa kuliko alovera.

Upepo wa kiangazi ukianza, vifundo vya vidole vyangu hupauka hadi vinachanika, na pilipili ikipita hapo unaruka. Kwa sabuni hii bado vinakauka, nisiwadanganye, ila havichaniki. Usiku napaka mafuta.

Mdogo wangu anayenisaidia jikoni ana ngozi ya mafuta, na yeye haipendi kabisa. Anadai utelezi hautoki. Kwake ile ya kijani haina neno. Wa kuangaliwa ni dada, mwenye pumu ya ngozi. Pafyumu na kihifadhi kinachoitwa methilisothiazolinoni, jina refu kama treni ya SGR, vyote vinajulikana kwa kuleta mzio wa ngozi. Hii nyeupe haina hata kimoja, kihifadhi chake ni sodiamu benzoeti, na dada ananawa bila kujikuna.

Sabuni ya mche mimi nimeiachia nguo. Ngozi ina asidi kidogo, pH yake (kipimo cha asidi, 7 ni katikati, chini yake ni asidi) ni kama 5, wakati mche uko 9 hadi 10. Tena na maji yetu magumu haitoi povu la maana, inaacha utando mweupe kwenye beseni.

Maneno ya "inaua bakteria" yasikupandishie bei. Mwaka 2016 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilipiga marufuku triklosani, dawa ya kuua bakteria, na viambato vingine 18 kwenye sabuni hizo za kunawia nyumbani, kwa kuwa watengenezaji hawakuthibitisha kwamba zinashinda sabuni ya kawaida na maji.

Kasoro: pampu inakwama chupa ikifika nusu, na bei ni karibu mara mbili ya ile ya kijani. Kwa hiyo wateja nawawekea ya kidumu, ile inayotengenezwa mtaani kwa salfoniki (asidi ya kutengenezea sabuni) na magadi. Wananawa mara moja, wanakula, wanaondoka. Ila nanunua kwa mama anayepima vipimo vyake kwa mizani, maana magadi yakizidi utaisikia kwenye ngozi siku hiyohiyo. Ya pampu inakaa jikoni, juu ya kabati.