Seva ya filamu nyumbani: ununue kifaa gani?

Mtu akiniuliza anunue NAS (kisanduku cha diski kinachounganishwa na mtandao wa nyumbani) ipi ya kuwekea filamu, kwanza namuuliza televisheni yake ni ya mwaka gani. Televisheni mpya husoma faili la H.265 (muundo wa kubana video) lilivyo, seva kazi yake ni kulipeleka tu. Ya zamani hailisomi, basi seva italigeuza kuwa muundo mwingine papo hapo huku mnatazama. Prosesa dhaifu hapo huzidiwa, picha ikawa inakwama kila mara. Hata kwenye televisheni mpya, manukuu (maandishi ya mazungumzo chini ya filamu) yaliyohifadhiwa kama picha mara nyingi huleta shida hiyohiyo.

Ndiyo maana chaguo langu la kwanza si NAS kabisa. Ni kompyuta ndogo ya ofisini iliyotumika, yenye Intel Core i5 ya kizazi cha 8: Dell OptiPlex 3060, HP EliteDesk 800 G4 au Lenovo ThinkCentre M720. Prosesa hizo zina sehemu maalumu ya video inayogeuza H.265 bila jasho. Chukua ya umbo la SFF (kasha dogo, si lile dogo kabisa), maana ina nafasi ya diski ya inchi 3.5, zile ndogo kabisa hubeba ya inchi 2.5 tu. Kabla ya kulipa, iwashe palepale dukani uisikilize feni. Ikivuma sana wakati kompyuta haifanyi kazi yoyote, iache.

La pili ni NAS ya kampuni ya Synology, DS224+. Ina Intel Celeron J4125, nafasi mbili za diski, na huhitaji kujua mengi kuiendesha. Kwa familia yenye picha na video za sherehe ambazo haziwezi kurudiwa, mimi ningeiweka hii mbele, kwa sababu diski mbili hubeba nakala ileile na moja ikifa nyingine inabaki. RAM yake ya 2 GB ni ndogo, iongeze. Usinunue kwa kutegemea Video Station, programu yao ya video: Synology waliiondoa kuanzia DSM 7.2.2, toleo la mfumo endeshi wa NAS zao la mwaka 2024.

La tatu, DS223, nayo ya Synology. Prosesa yake ni ya Realtek. Inahifadhi vizuri na kupeleka faili vizuri, lakini usiipe kazi ya kugeuza video. Inawafaa wenye televisheni mpya tu. Raspberry Pi 5, kompyuta ya bodi moja, naiweka mwisho, kwani haina kifaa cha ndani cha kusimba video, yaani kuiandika upya katika muundo mwingine.

Kwenye programu ya kupanga filamu na kuzipeleka kwenye televisheni sina kigugumizi: Jellyfin. Ilichipuka kutoka programu nyingine, Emby, Desemba 2018, ni bure yote, na haihitaji akaunti ya kampuni yoyote. Bando likiisha katikati ya mwezi, watoto wanaendelea kutazama, na filamu za VJ (zilizotafsiriwa kwa sauti) ulizokusanya zinapatikana chumba chochote. Plex, mshindani wake, ni nzuri kwa sura, ila kutumia ile sehemu ya video ya prosesa lazima uwe na Plex Pass, usajili wake wa kulipia, na tarehe 29 Aprili 2025 bei ya ule wa maisha ilipandishwa hadi dola 249.99.

Diski: soma lebo. WD Red Plus inatumia CMR (mistari ya data haipandani), na Seagate IronWolf vilevile. WD Red ya kawaida, ya 2 hadi 6 TB, ni SMR (mistari hupandana), na hiyo huchelewa vibaya wakati NAS inajenga upya nakala baada ya diski kufa.

Bajeti ikibana, punguza ukubwa wa diski, usiguse fedha ya UPS, betri ya akiba umeme ukikatika. Nilikuwa nanakili video ya kwanjula (sherehe ya utambulisho kabla ya ndoa) ya dada yangu umeme ukakatika. Diski haikuwaka tena, na nakala nyingine hatukuwa nayo. Sauti ya marehemu baba akiwakaribisha wageni ilikuwa humo. Sasa seva na rauta zangu zote ziko kwenye UPS, na nimeunganisha waya wake wa USB ili seva ijizime yenyewe betri ikipungua. Hata Yaka (umeme wa kulipia kabla) ikiisha usiku wa manane, seva inajizima taratibu bila mimi kuamka.