WhatsApp, Telegram na Signal: ipi inabaki na data zako nyingi? Mapitio yangu

Niseme mapema ili asiye na muda wa kusoma yote apate lake: kwa kutunza siri za mtumiaji, Signal namba moja, WhatsApp namba mbili lakini kwa masharti, Telegram ya mwisho. Najua hapo kwenye Telegram kuna watu watakunja sura maana wengi walihamia huko wakiamini ndo kwenye usiri wenyewe, ndo maana nimeamua kuanza nayo.

Zote tatu ninazo kwenye simu na zote nazitumia, na kipimo changu ni kimoja tu. Siangalii kampuni inajisifia nini, naangalia kesho ikija amri ya mahakama au wezi wakivamia seva zao (kompyuta kubwa wanakohifadhi data) watakuta nini changu mle ndani.

Telegram sasa. Chati zake za kawaida zinakaa kwenye seva zao, ndiyo zinasafiri zikiwa zimesimbwa (zimefungwa kwa kodi isiyosomeka bila ufunguo) na huko zinakohifadhiwa wanasema zimefungwa vizuri, lakini ufunguo wanao wao wenyewe. Ndo maana ukinunua simu mpya ukaweka namba yako unakuta kila kitu kipo, picha za miaka ya nyuma, mafaili, voisi, yote, na unafurahi, hata mimi huwa nafurahi, ila jiulize vimetoka wapi wakati simu ya zamani umeshaizima? Vilikuwa kwao muda wote. Kuna kitu wanaita chati ya siri, hiyo ndo yenye usimbaji fiche wa mwanzo hadi mwisho, yaani ufunguo unakaa kwenye simu yako na simu ya mwenzako tu na kampuni iliyo katikati haiwezi kusoma. Lakini lazima uifungue mwenyewe kwa mtu mmoja mmoja, haiji imewashwa, na kwenye magrupu haipo kabisa. Hebu angalia watu unaochati nao Telegram, wangapi wamewahi kukufungulia chati ya siri? Kitu cha usalama kinachohitaji mtu akumbuke kukiwasha kila mara, wengi hawatakiwasha, na waliotengeneza apu wanalijua hilo.

Agosti 2024 mwanzilishi wake Pavel Durov alikamatwa Ufaransa, na Septemba mwaka huohuo Telegram ikabadilisha sera yake ikaandika wazi kwamba inaweza kutoa namba ya simu na anwani ya IP (namba inayotambulisha kifaa chako mtandaoni) ya mtumiaji kwa mamlaka zikileta ombi halali la kisheria. Watu walilalamika sana. Mimi nilichokiona pale ni kwamba kinachotolewa ni kile kilichohifadhiwa, asiyekihifadhi hana cha kutoa hata akibanwa vipi. Kwa chaneli za habari na magrupu makubwa (yanafika hadi watu 200,000) Telegram ni nzuri mno na nitaendelea nayo, ila ripoti ya daktari au kitambulisho changu sikitumi humo.

WhatsApp hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndo tunaishi humo. Kwanza tuwape haki yao. Tangu 2016 meseji zote, simu na magrupu yana usimbaji wa mwanzo hadi mwisho bila wewe kubonyeza chochote, na teknolojia waliyotumia ni ileile ya Signal, siyo kitu dhaifu. Kwa hiyo yule anayesema "Meta wanasoma chati zetu zote" (Meta ndo kampuni ya Facebook, wenye WhatsApp) hayuko sahihi, maneno uliyomwandikia mwenzio yanafungwa kabla hayajatoka kwenye simu yako.

Tatizo ni vile vinavyoyazunguka hayo maneno. Wanajua namba yako, namba zilizopo kwenye simu yako ukiruhusu isome kontakti (na watu wengi tunaruhusu, zikiwemo namba za watu ambao hata hawatumii WhatsApp na hawakuulizwa), aina ya simu, anwani ya IP ambayo inaonyesha takribani uko wapi, picha ya profaili, magrupu uliyomo, unaingia saa ngapi. Hivi vitu watu wanavidharau sana na mimi inaniuma, kwa sababu ni kama bahasha, barua hujaifungua lakini jina la aliyetuma, aliyetumiwa na tarehe vyote viko juu. Fikiria mtu ambaye wiki moja anawasiliana na maabara, siku inayofuata daktari wa saratani, halafu wakili, halafu ndugu zake wote usiku mmoja. Unahitaji kusoma neno hata moja kujua kinachoendelea nyumbani kwake?

Na historia ya kampuni kwenye hili haifurahishi. Facebook walitangaza kuinunua WhatsApp mwaka 2014 kwa dola bilioni 19 hivi, wakaiambia Tume ya Ulaya, chombo cha Umoja wa Ulaya kinachokagua manunuzi kama hayo, kwamba hawana njia ya kuaminika ya kuunganisha akaunti za huku na za kule moja kwa moja. 2016 wakabadilisha sera, kuunganisha kukawezekana, na 2017 Tume ikawapiga faini ya euro milioni 110 kwa kutoa taarifa za kupotosha. 2021 mamlaka ya data ya Ireland nayo ikawatoza euro milioni 225 kwa kutowaeleza watumiaji vizuri data zao zinatumikaje. Ilikuwa mwaka huohuo wa 2021 mwanzoni walipoleta ile notisi ya kukubali sera mpya, watu wakataharuki wakahama kwa mamilioni, tarehe ikabidi isogezwe kutoka Februari hadi Mei. Ile sera kwa kiasi kikubwa ilihusu kuchati na biashara, na hapo ndo pa kuangalia mpaka leo: ukichati na akaunti ya kampuni, upande wa pili kunaweza kuwa na wafanyakazi wengi na kampuni nyingine iliyoajiriwa kuhifadhi na kujibu hizo meseji, na biashara inaweza kutumia ulichoandika kwenye matangazo yake. Vilevile ukimuuliza swali Meta AI, yule msaidizi wa akili bandia, ndani ya WhatsApp, ujue lile swali linakwenda kwa Meta wenyewe na wanalisoma kwa mashine yao ili wakujibu. Halihesabiki kama chati na rafiki.

Lakini kama ungeniuliza kitu kimoja tu kinachonikera WhatsApp, ni bakapu. Umefungiwa meseji vizuri kabisa njia nzima, halafu kila usiku simu inachukua nakala ya chati zote inazipeleka Google Drive au iCloud, na nakala hiyo haina ule usimbaji wa mwanzo hadi mwisho mpaka uuwashe mwenyewe. Uwezo wa kuuwasha waliuleta Oktoba 2021, uko kwenye setingi, sehemu ya chati, halafu bakapu, unaweka neno la siri au unapewa ufunguo wa tarakimu 64. Inachukua dakika moja, fanya leo, ila hilo neno la siri andika mahali salama maana ukilipoteza pamoja na simu, hakuna mtu WhatsApp atakayeweza kukurudishia chati zako. Na hata ukiwasha wewe, mwenzio je? Meseji moja inakaa kwenye simu mbili, grupu la watu 50 ni simu 50, mmoja tu akiwa na bakapu ya wazi basi maneno ya wote 50 yamo humo. Hili siwezi kulitatua mwenyewe na wewe huwezi, ni wao tu wanaoweza kuliwasha kwa kila mtu na sioni kwa nini hawajafanya hivyo mpaka sasa. Nyota moja inaanguka hapo, ya pili ni hiyo habari ya bahasha. Tatu kati ya tano.

Meseji za kujifuta na picha za kuangalia mara moja ni nzuri kwa kupunguza rundo, basi. Mwenye nia mbaya atapiga picha skrini kwa simu nyingine.

Signal. Hawa ni shirika lisilo la faida, hakuna tangazo. Brian Acton, mmoja wa waanzilishi wawili wa WhatsApp, baada ya kuondoka Facebook aliweka dola milioni 50 kwenye taasisi yao mwaka 2018, na mimi naliona hilo kama ushahidi kutoka kwa mtu aliyeijua nyumba ya kwanza kwa ndani. Ila kilichonishawishi zaidi ni kesi ya 2016 kule Virginia, Marekani. Waliletewa amri watoe taarifa za mtumiaji, wakatoa walichokuwa nacho: tarehe akaunti ilipofunguliwa na siku ya mwisho kuunganika na seva. Kontakti hawana, magrupu hawana, nani alimwandikia nani hawana. Ndo kile kipimo changu cha mwanzo, na hawa walipimwa kweli mbele ya mahakama.

Siyo kwamba haina kasoro. Kujisajili bado lazima namba ya simu, japo tangu 2024 unaweza kutumia jina la mtumiaji na kuificha namba yako kwa watu unaochati nao. 2022 kampuni ya Twilio waliyokuwa wakiitumia kuthibitisha namba ilivamiwa na namba za watumiaji kama 1,900 zikawa hatarini, ingawa meseji hazikuguswa. Kwa miaka mingi ukipoteza simu ndo chati zimekwenda, mpaka 2025 walipoanza kuleta bakapu ya hiari iliyosimbwa. Na kasoro kubwa kuliko zote mnaijua, unaingia unakuta watu wachache. Mimi nilichofanya ni kuwaomba wale wachache ninaoongea nao mambo mazito, tukahamishia hayo tu huku, mengine yakabaki WhatsApp. Inawezekana, huhitaji kuhamisha ukoo mzima. Nyota nne na nusu.

Messenger nayo ilianza kuweka usimbaji wa mwanzo hadi mwisho kama kawaida Desemba 2023, imechelewa ila imefika.

Sasa yote hayo yanategemea simu yenyewe. 2019 programu ya ujasusi ya Pegasus iliingizwa kwenye simu za watu kama 1,400 kupitia tundu la kiusalama kwenye huduma ya kupiga simu ya WhatsApp, na ikishakuwa ndani inasoma skrini kama unavyosoma wewe. Wengi wetu hatutawindwa na Pegasus, tutaibiwa kwa kile kikodi cha tarakimu sita cha kuingilia kwenye akaunti, mtu anapiga anajifanya wa huduma kwa wateja anasema "nitajie namba iliyoingia", ukimtajia akaunti imekwenda. Weka PIN ya uthibitishaji wa hatua mbili, apu zote tatu zinayo kwa namna yake. Fungua na sehemu ya vifaa vilivyounganishwa uangalie kama kuna kompyuta usiyoitambua, maana aliyeshika simu yako dakika mbili ikiwa wazi anaweza kuiunganisha akawa anasoma kila kitu akiwa kwake.

Na ukiamua kuiacha apu yoyote kati ya hizi, usiitoe tu kwenye simu ukadhani umemaliza. Kuitoa hakufuti akaunti, ingia kwanza kwenye setingi ufute akaunti yenyewe ndo uitoe, kwa WhatsApp wanasema inaweza kuchukua hadi siku 90 kusafisha data zako, na bakapu iliyopo Google Drive au iCloud nenda kahakikishe mwenyewe kama imeondoka.