Niliomba zebra, nikajibiwa kwa hesabu

Naanza na nyota ninazoipa halmashauri yetu kwa ombi langu la zebra, yaani kivuko cha mistari cha waendao kwa miguu: 2 kati ya 5. Moja ni ya fomu, maana unaijaza kwenye simu kwa dakika kumi bila kupanga foleni popote. Ya pili ni ya dada mmoja wa kitengo cha barabara aliyenipigia mwenyewe akanisikiliza mpaka mwisho. Hizo tatu nyingine, someni.

Tunaishi England, mji mdogo, na halmashauri yenyewe siitaji. Barabara yetu imetutenga na shule ya msingi, duka la dawa na kituo tunachoshukia tukitoka mjini. Kikomo cha mwendo ni maili 30 kwa saa. Kitabu cha sheria za barabarani cha huku kinasema gari la mwendo huo linahitaji mita 23 mpaka lisimame, na pale tunapovukia kona iko mita thelathini hivi. Ukilisikia gari, limeshafika. Asubuhi wazazi wanajipanga ukingoni na vigari vya watoto, wanachungulia huku na huku, mmoja anasema "haya", wote wanachomoka kama kuku waliofunguliwa bandani.

Mama yangu, ambaye alikuja kutoka Tanga miaka mitatu iliyopita, magoti yanamsumbua. Pale havuki kabisa. Akitoka mjini anakipita kituo chetu, anakwenda na basi mpaka mwisho wa njia, anakaa humo humo, basi linageuza, ndipo anashuka upande wa nyumbani. Dakika ishirini na tano kukwepa barabara ya hatua kumi na mbili. Dereva mmoja ameshamzoea, wala hamuulizi.

Basi, mwezi wa tano nikaomba zebra. Jibu likaja mwezi wa kumi na moja: kurasa mbili, shukrani nyingi, na katikati sentensi moja kwamba idadi ya wavukaji haifikii kigezo.

Kigezo chenyewe ni hiki. Wanachukua idadi ya magari yanayopita kwa saa, wanaizidisha kwa yenyewe, halafu wanazidisha tena kwa idadi ya watu wanaovuka. Jawabu lifike milioni 100. Kwetu waliandika magari 800 na watu 19, ikatoka milioni 12 na kidogo. Nikachukua kalamu: kwa magari hayo, tungetakiwa watu 157 kila saa. Mtaa wetu wote ukitoka na paka wake haufiki. Na wala si sheria. Tangu 1995 mwongozo wa wizara uliwaambia wahandisi waitazame sehemu yenyewe: wazee, watoto, mwendo wa magari, ugumu wa kuvuka. Wetu wameing'ang'ania kanuni ya kale kwa sababu, nadhani, namba haibishani na mtu.

Nikamsomea Mama ile barua, nikimfasiria. Akanyamaza kidogo, kisha: "Mwanangu, hapo wamehesabu waliovuka. Walioshindwa je?"

Sikuwa na jibu, na barua haikuwa nalo.

Kuna jambo ambalo wengi wetu huku hatulitumii. Sheria ya uhuru wa habari ya 2000 inampa mtu yeyote haki ya kudai nyaraka za ofisi ya umma, na kwa kawaida wana siku 20 za kazi kujibu. Nikaomba karatasi ya kuhesabia. Ikaja siku ya 19, nakala iliyopinda: vijiti vinne vinne na cha tano kimekatiza, kuanzia saa 1 asubuhi mpaka saa 1 jioni. Safu ya watoto ilikuwa sifuri, sifuri, mbili, sifuri. Nikashangaa, kwani shule iko palepale. Halafu nikaona tarehe juu kwenye pembe: Jumanne ya wiki ya mapumziko ya nusu muhula. Siku hiyo geti la shule lilikuwa na kufuli.

Nikalalamika rasmi. Hatua ya kwanza wakajibu kwamba aliyehesabu ana sifa zinazotakiwa. Hatua ya pili wakajibu yaleyale, ila aya zimebadilishana nafasi. Baada ya hapo kuna mchunguzi wa malalamiko ya serikali za mitaa, lakini huyo anaangalia kama utaratibu umevurugwa, si kama uamuzi umekuuma. Kwa hiyo ukimwandikia, usimlilie kuhusu hatari. Mpelekee tarehe.

Dada wa simu ndiye aliyenisaidia zaidi, na sijui kama wakubwa zake wangependa. Aliniambia niombe hesabu irudiwe, na wasikodolee pale kona peke yake. Wahesabu mita 50 kila upande, maana watu wengi wanakatiza mbele kidogo, karibu na duka la dawa, na hao mara ya kwanza hakuna aliyewaona.

Ombi jipya nimelituma Jumatatu, na kalenda ya shule nimeiambatanisha. Mama ameshaniuliza mara mbili watakuja kuhesabu lini. Anataka siku hiyo ashuke kituo chetu, avuke, arudi, avuke tena. Nimemkatalia.