Konveta ya 230 kwenda 120: imeniulia taa, halafu mhudumu akanikatia simu

Jamani naandika hii nikiwa bado na hasira mnisamehe. Boksi la hiki kidude limeandikwa kwa maandishi makubwa kwamba kinashusha umeme wa volti 230 mpaka 120 na kinabeba mpaka wati 1600. Mi nina taa ya mezani niliyoletewa kutoka Marekani, zile za kugusa, unagusa kitako inawaka hafifu, ukigusa tena inaongezeka, ya tatu ndo inawaka kwelikweli. Balbu yake wati 40. Arobaini tu! Nikachomeka, taa ikaanza kulia zzzz kama nyuki aliyefungiwa kwenye chupa, ikawa inajiwasha na kujizima yenyewe hakuna mtu aliyeigusa, mara harufu ya plastiki inayoungua, mara kimya. Kuigusa kitako, kimoto hatari.

Taa kuungua ningeweza kumeza. Kilichoniwasha ni simu. Nimewapigia wenye hiki kidude, salamu yenyewe ya kulazimishwa, mhudumu ananiuliza, "Kaka, taa yako wati ngapi?" 40. "Na mashine wati ngapi?" 1600. "Sasa tatizo liko wapi?" Kwa ile sauti ya kumfundisha mtoto kujumlisha! Nikamwambia tatizo ni taa imeungua dada yangu, ndo akatoa hili: "Kaka, taa ni taa tu, hiyo yako itakuwa ilikuja mbovu." Nikaomba basi niongee na fundi wenu, akasema fundi hana muda wa mambo ya balbu. Akakata. Yaani akakata kweli, nikabaki naongea peke yangu.

Taa ni taa tu!! Hilo neno limenikaa kooni mpaka leo.

Nikampelekea fundi ninayemwamini kile kidude, kukibeba tu mkononi akacheka. "Chepesi hivi? Humu hamna transfoma." Transfoma ya kweli ina chuma na shaba ndani, nzito, unaisikia ukiibeba. Hivi vyepesi vinavyojisifia wati nyingi havishushi volti kama tunavyodhani, vinaukata umeme vipande vipande na kupitisha kidogo kidogo, ili joto litakalotoka lilingane na la 120. Umeme wa Marekani wa 120 kilele chake ni kama volti 170, lakini vipande vinavyopita kwenye kidude cha namna hii vinaweza kugonga karibu 300. Pasi haijali, yenyewe inataka joto tu. Ila taa ya kugusa ina sakiti yenye dima (kile cha kupunguza na kuongeza mwanga) ndani ya kitako, na ile sakiti inategemea umeme unaopanda na kushuka vizuri. Kwa hiyo swali la wati ngapi halikuwa swali kabisa, swali lilikuwa ndani ya hiyo taa kuna nini, na huyo dada hata hakutaka kusikia.

Taa imepona lakini. Fundi kang'oa ile sakiti yote ya kugusa, kaweka swichi ya kawaida kwenye waya, kaangalia holda (pale balbu inapoingia) imeandikwa 250V akaiacha, kabadilisha plagi na kuhakikisha nyutro (waya wa kurudisha umeme) inaenda kwenye ganda la holda na laivu (waya unaoleta umeme) kule chini katikati, maana ukigeuza hapo unaweza kupigwa shoti wakati unafungua balbu. Balbu ni LED ya 230 ya kuzungusha, holda ya Marekani ni milimita 26 na balbu za huku 27, imeingia vizuri tu. Sasa inachomekwa ukutani moja kwa moja bila konveta yoyote. Kugusa ndo basi tena, na mi niliipendea huko kugusa.

Kwa hiyo nilikuwa natoa nyota sifuri. Halafu, nachukia kusema hivi, nikakijaribu na pasi ya zamani ya 120 ambayo ilikuwa imekaa tu kabatini, ikapiga kazi safi kabisa, na kidude hakikupata hata joto la ajabu. Yaani si kibovu! Wangeandika tu kwenye boksi "vitu vya joto peke yake, usiweke taa yenye dima wala kitu chenye sakiti" mi nisingekuwa na kesi. Haya nyota mbili. Nikiikumbuka ile simu inarudi moja.

Na wamenitumia meseji, hakuna pole wala nini, ati kwa kuwa nimelalamika wanaweza kunibadilishia, wanipe konveta nyingine mpya. Ileile. Nimewajibu taa je? Kimya.