Baa za waandishi Dublin: uzoefu wangu mimi nisiyekunywa

Kila niliyemwambia kuhusu safari hii ameniuliza swali lilelile, basi nianze na jibu. Ndiyo, mtu asiyegusa pombe anaweza kulipia matembezi ya usiku ya baa za Dublin na asijute hata senti moja. Matembezi nayapa nyota tano. Malazi yangu nayapa moja, tutafika huko.

Nazungumzia Dublin Literary Pub Crawl, matembezi ya baa za waandishi katika mji mkuu wa Ayalandi, yaliyoanzishwa mwaka 1988, yanayoanzia ghorofani kwenye baa ya The Duke, mtaa wa Duke. Wanaokuongoza ni waigizaji, si wale wa kunyanyua kibendera na kuhesabu vichwa. Wawili walisimama katikati ya meza zetu na kofia zao chakavu, wakaanza kipande cha mchezo wa kuigiza wa mwandishi Samuel Beckett, ule wa watu wawili wanaomngoja Godot. Hakuna jukwaa wala kipaza sauti. Mmoja alisimama karibu nami mno hata nikaona kifungo cha koti lake kimeng'oka, na mpaka leo sijui kama ni vazi la mchezo au ndiyo hali halisi ya msanii.

Kisha mnatoka nje, mnaingia uwanja wa Chuo cha Trinity alikosoma Beckett, na kabla yake mwandishi Oscar Wilde. Hapo gizani, kibaridi kinapenya kwenye mifupa, tukasimuliwa jinsi Wilde alivyokwenda Leadville, Colorado, mwaka 1882 kuwahutubia wachimba madini kuhusu sanaa, na jinsi chakula cha jioni alichoandaliwa kilivyokuwa, kwa maelezo yake mwenyewe, wiski juu ya wiski. Wajerumani waliokuwa nasi walicheka hadi machozi. Ni mji uliozaa washindi watatu wa Nobel ya fasihi (Yeats 1923, Shaw 1925, Beckett 1969), lakini wenyeji wanawasimulia kama majirani wakorofi waliohama juzi tu na madeni yao kwenye kaunta.

Mkiingia baa mnapewa muda wa kunywa, na hapo ndipo tusiokunywa tunapoogopa. Niliagiza chai. Mhudumu hakushtuka wala hakuniuliza mara mbili, akaniletea birika dogo la chuma na maziwa pembeni. Waayalandi ni wanywaji chai wa kutisha, na moja ya chapa wanazozipenda zaidi, Barry's, huchanganya majani ya Kenya, Rwanda na Assam. Ilikuwa nyeusi, nzito, ya kusimamisha kijiko. Mwenzangu wa Nairobi alichukua Guinness ya bomba na akafundishwa subira: glasi hujazwa robo tatu, huachwa itulie mpaka povu lipande, ndipo humaliziwa. Hukumu yake ni kwamba ni laini na nyepesi kuliko ile ya chupa aliyoizoea nyumbani. Na kwa sisi wenye vifua vibovu, uvutaji sigara ndani ya baa umepigwa marufuku nchi nzima tangu mwaka 2004. Nguo hazikunuka hata kidogo.

Tahadhari moja tu: Kiingereza ni cha kasi, na utani mwingi unategemea kuwajua wahusika. Pitia kidogo habari za waandishi wa hapa, James Joyce, Brendan Behan na Patrick Kavanagh, kabla ya kwenda. Mwishoni kuna chemsha bongo. Mwenzangu alipata majibu mawili, mimi nilibaki kuchezea birika.

Mchana nenda Sweny's, duka la zamani la dawa pale Lincoln Place. Ndimo Bloom, mhusika mkuu wa Joyce, anamonunua sabuni ya limau katika riwaya ya Ulysses. Siku hizi linaendeshwa na watu wa kujitolea, droo na chupa za dawa bado zimo, na sabuni bado inauzwa. Kuna nyakati wanakaa duara, kila mtu na nakala yake, wanasoma kwa sauti kwa zamu. Zamu ilipofika kwangu nikasoma ukurasa mzima bila kuelewa nusu yake, na bibi mmoja aliyekaa kando yangu akaninong'oneza, "Usijali mwanangu, sisi wote tuko hivyo." Hawatozi kiingilio, unaacha ulichonacho. Maktaba ya Marsh nayo usiipite, imefunguliwa mwaka 1707 na ina vizimba vya waya walimofungiwa wasomaji ili wasiibe vitabu.

Kwangu mimi siku bora kuliko zote ilikuwa Glasnevin. Katika makaburi yale amezikwa Roger Casement, yule aliyekuwa balozi mdogo wa Uingereza Kongo, ambaye ripoti yake ya mwaka 1904 iliweka wazi ukatili wa biashara ya utomvu wa mpira chini ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji. Waingereza walimnyonga London mwaka 1916 kwa kuunga mkono uasi wa Ayalandi, mwili wake ukarudishwa Dublin mwaka 1965. Msomaji wa Lubumbashi au Kisangani akifika mji huu aanzie hapo, baa zitamngoja.

Ukitoka makaburini, ukutani kabisa kuna baa ya John Kavanagh, iliyofunguliwa mwaka 1833, wenyewe wanaiita The Gravediggers, yaani Wachimba Makaburi. Hakuna televisheni, hakuna muziki, kuimba marufuku. Watu wanaongea tu. Mbao za kaunta zimelika kwa viwiko vya vizazi, na saa mbili nzima nilizokaa pale niliona ni baraza la kwetu lililoingizwa ndani kwa sababu ya mvua. Chakula chao maarufu, coddle, kina soseji na nyama ya nguruwe, kwa hiyo Muislamu aulize kwanza.

Sasa malazi. Nilipanga chumba karibu na Temple Bar, mtaa wa baa na watalii katikati ya mji, nikidhani ndiko kwenye utamaduni. Bei ya kuua, dirisha halifungi, na chini yake vijana wakaimba wimbo uleule mpaka alfajiri. Nilipolalamika mapokezi nikapewa vizibo vya masikio, eti huduma ya bure. Tafuta chumba mitaa ya Drumcondra au Phibsborough, mabasi ni ya uhakika na Glasnevin iko jirani.

Na kwa ndugu tunaoishi Ulaya kwa pasipoti za nyumbani: Ayalandi haimo kwenye Schengen, lile eneo la viza moja la Ulaya, kibali chako cha Ujerumani au Ufaransa hakikuingizi. Omba viza yao mapema, hasa ukitaka kuwahi tarehe 16 Juni, sikukuu ya Bloom, yule mhusika wa Ulysses, maana siku hiyo mji hujaa kofia za majani makavu na vyumba hupanda bei.