Hospitali nzuri ila takataka bado kabisa
Nimemuuguza mama siku nne kwenye hospitali moja ya binafsi huku Sinza, Dar es Salaam, manesi wako poa sana, dawa kwa wakati, hapo siwadai kitu. Ila takataka jamani!! Wodini kuna ndoo tatu, nyekundu, njano na nyeusi, na sefti boksi, yaani boksi la kutupia sindano zilizotumika, ipo ukutani, shida ni kwamba hakuna anayetuelekeza sisi ndugu wa mgonjwa, watu wanatupa maganda ya ndizi na chupa za maji kwenye ndoo ya njano ambayo ni ya pamba zenye damu, basi zote zinageuka taka hatarishi na zinakwenda kuchomwa. Wakati WHO, Shirika la Afya Duniani, wanasema kama asilimia 85 ya taka za hospitali ni za kawaida tu kama za nyumbani!

Sefti boksi nayo niliikuta imejaa hadi sindano zinachungulia, na inatakiwa ifungwe ikifika robo tatu, dada wa usafi anaibeba na glovu nyepesi zile za kupimia wagonjwa, iliniuma sana. Apewe glovu nzito na buti, leo leo. Nyota tatu.