Kupitisha ramani ya nyumba na shimo la maji taka: uzoefu wangu na ofisi ya kaunti

Ofisi iliyonipitishia ramani ya nyumba ya mama yangu sitaitaja, wala kaunti yenyewe sitaitaja, ila ijulikane kwamba ni huku pwani ya Kenya, mbali na mji, kwenye ardhi ya mwamba wa matumbawe ambako kisima kimoja hunywesha nyumba nyingi. Karatasi zinazotakiwa sitazihesabu hapa, kwa kuwa orodha yake imebandikwa ukutani pale pale na kila anayeingia huisoma. Nilizipeleka zote, nikalipa kwa simu, nikapewa risiti, na karani wa malipo alikuwa mtu wa heshima na mwepesi wa kazi. Ingeishia hapo ningewasifu tu. Kilichonichoma ni habari ya shimo.

Kiwanja chetu kina mteremko mdogo unaoelekea kwenye kisima cha jirani, bibi mmoja ambaye amekuwa akiteka maji hapo tangu mimi sijaanza shule. Mchoraji wetu alikuwa ameweka tangi la septiki pamoja na shimo la kunyonya maji upande huo huo wa chini, kwa sababu kwenye karatasi ndiko kulikobaki nafasi na kwa sababu kisima cha watu wengine hakikuwamo katika mchoro wake. Nilipohesabu kwa miguu yangu kutoka penye alama ya shimo hadi kwenye mdomo wa kisima, hatua hazikufika ishirini. Mtu aliyezaliwa huku hahitaji mtaalamu wa kumweleza hatari hiyo, kwani matumbawe yamejaa nyufa, na maji machafu yakishaingia ndani yake hayasubiri kuchujwa na udongo bali hupita na kwenda yanakokwenda. Tumewahi kuzika watu kwa kipindupindu, na visima tunavifahamu. Kwa hiyo niliandika barua, nikaiambatanisha na ramani, nikiomba bwana afya afike apakague mahali penyewe kabla ya mtu yeyote kugonga mhuri. Niliona hilo ndilo hasa nililokuwa nimelipia.

Nikaanza kuambiwa nirudi wiki ijayo. Afya ya umma walisema faili iko kwa maafisa wa mipango, wa mipango wakasema iko kwa mhandisi, na kwa mhandisi nikaelezwa kwamba haijawahi kufika. Kila safari ilikuwa ni matatu mbili za kwenda na mbili za kurudi, na siku nzima bila kazi. Mafundi walikuwa wameshapata kazi kwingine, na mawe tuliyonunua yalianza kuota majani pembeni.

Siku ninayotaka kuieleza nilifika mapema nikawa wa kwanza kwenye benchi. Afisa wa zamu alipoketi nilimwamkia, hakuitikia. Nilingoja mpaka alipomaliza mazungumzo yake ya simu, nikamwambia kwa upole kwamba Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019 inasema mwombaji asipopata jibu la maandishi katika siku 60, ruhusa huhesabiwa kuwa imetolewa, na kwamba siku hizo zangu zilikuwa zimekwisha pita. Ila mimi sikutaka ruhusa ya namna hiyo, nilichotaka ni mtu aje aangalie shimo.

Alinitazama kisha akasema kwa sauti iliyowafikia wote waliokuwa kwenye foleni, "Mama, hiyo sheria umeisomea wapi? Si umesema imepita? Haya, nenda ukajenge."

Akainuka, akatoa ramani zangu kutoka juu ya kabati na kuzisukuma kwenye kaunta, zikabingirika hadi kwenye mkono wangu. Nilikuwa nimezifunga kwa kipande cha leso ya mama, chenye pindo jeusi, kwa fundo ambalo mimi hulifunga mara mbili kisha nikakipitisha kichwa chake chini. Fundo lilikuwa vile vile. Vumbi lilikuwa limekaa juu ya kitambaa, na chini ya mkunjo rangi ilikuwa bado inang'aa. Kwa muda wote ule, katika safari zote zile, hapakuwa na mkono hata mmoja uliofungua kazi ile ili kutazama, na hao ndio waliokuwa wakiniambia kwamba iko kwa huyu na imepelekwa kwa yule. Maneno yake ningeweza kumsamehe, kwa kuwa mtu anaweza kuamka na shida zake. Fundo lile sikuweza kulisamehe, na hata sasa ninapoandika mkono unanitetemeka.

Sheria ya siku 60 iliwekwa kumkinga mwananchi na ofisi inayolala, nami naikubali. Lakini kwa shimo la maji taka, kimya cha ofisi hakiwezi kupima umbali wa kisima. Ningekwenda kuchimba siku ile ile ningekuwa na haki yangu mkononi, na yule bibi angekuwa na maji yangu machafu kwenye mtungi wake. Usiku ule niliandika maelezo makali kuliko haya na nikawa tayari kuwaambia watu wote wajenge bila kupita kwenye mlango ule.

Kisha siku chache baadaye simu ikalia. Alikuwa bwana afya wa wadi yetu, kijana ambaye sikuwahi kumwona pale ofisini, akiniambia kwamba barua yangu imemfikia na kwamba yuko njiani. Alikuja kwa bodaboda, amebeba utepe wa kupimia na mtaimbo aliouazima. Alimwamkia mama shikamoo, akaitikiwa marahaba, akaomba ndoo ya maji, kisha akaanza kuchimba mwenyewe pale mchoraji alipoweka alama. Mwamba ulionekana kabla shimo halijafika kwenye kiwiko. Akamimina maji. Yalizunguka mara moja, yakatoa mlio mdogo wa kubwabwaja, yakaisha yote, chini pakabaki jiwe jeupe lililolowa.

Mimi nilifurahi, nikidhani shimo linalokunywa maji upesi ndilo shimo zuri. Alitikisa kichwa, akanieleza kwamba udongo wa mfinyanzi hukataa maji yakafurika juu, na matumbawe huyameza upesi mno, na kwamba tunachohitaji ni udongo wa kati unaoyachelewesha ili yasafike yanaposhuka. Akatembea kiwanja kizima akichokoa chokoa na mtaimbo, hadi alipopata udongo mwekundu wenye kina ubavuni, karibu na mwembe. Akachimba tena, akatuagiza tulilowanishe shimo lile usiku kucha, na kesho yake akarudi, jambo ambalo sikulitarajia kwa mtu wa ofisi ile. Alisimamisha kijiti alichokikata alama kwa kisu, akajaza maji, akapiga magoti na simu yake mkononi akihesabu dakika kila maji yaliposhuka alama moja. Yalishuka polepole, kwa mwendo ule ule kila mara. Alivuta utepe hadi kwenye kisima cha jirani, ukapita mita 30. Akashauri kwamba badala ya shimo la kwenda chini tuchimbe mtaro mrefu usio na kina uliojazwa kokoto, ili chini yake ubaki udongo wa kutosha kabla ya kufikia mwamba, na akamwambia fundi ainue msingi wa upande wa choo kwa kozi moja, yaani safu moja ya mawe, ili mabomba yapate mteremko. Yote hayo aliyachora kwa penseli juu ya nakala ya ramani yangu, akatia sahihi, akaondoka nayo ili iingizwe kwenye faili. Hakuomba hata maji ya kunywa.

Kwa hiyo niliyafuta maneno niliyokuwa nimeandika. Nilijiambia kwamba ofisi yenye mtu kama huyu haistahili kutukanwa, na kwamba hasira ya fundo ilikuwa imenifumba macho. Mpaka leo naamini kijana yule alifanya kazi ambayo pesa zangu zote zisingeweza kuinunua.

Lakini ramani iliyopitishwa ilipotoka, nilihesabu mihuri yote kisha nikatazama shimo. Lilikuwa pale pale, upande wa chini, hatua zisizofika ishirini kutoka kwenye kisima. Walikuwa wamegonga mihuri kwenye mchoro wa zamani, mhuri wa afya ya umma ukiwamo, na karatasi ya penseli haikuwa ndani ya faili. Nilirudi kaunta ile ile, kwa afisa yule yule. Safari hii hakupaza sauti. Alisema, "Iliyopita ni hiyo, mama. Ukitaka nyingine, lipia marekebisho." Nilipomuulizia bwana afya niliambiwa amehamishiwa wadi nyingine.

Sasa mkaguzi yeyote akija kwenye kiwanja ataniona mimi ndiye niliyevunja ramani, kwa kosa la kulinda kisima. Nilisema ningeitetea ofisi hii na siwezi tena, ingawa kila nikitaka kuilaani yote namwona kijana yule amepiga magoti kwenye tope. Nimeandika barua nyingine nikitaka nielezwe kwa maandishi kwa nini ukaguzi wa afisa wao wenyewe haukuingizwa, kwa kuwa Ibara ya 47 ya Katiba inampa haki ya kupewa sababu kwa maandishi mtu anayeumizwa na uamuzi wa ofisi ya umma. Nakala yangu imegongwa mhuri wa kupokelewa. Marekebisho sijayalipia.

Mtaro umekwisha chimbwa kando ya mwembe na kokoto zimemwagwa. Juzi bibi wa kisima alipita akasimama na ndoo yake, akauliza kama maji yetu yatakwenda huko, nikamwonyesha kwa kidole hadi mwisho wa mtaro. Ramani yenye mihuri nimeikunja na kuifunga kwa kile kipande cha leso, na Jumatatu naipeleka tena.